Kadi ya Kliniki Inapofungwa, Nani Anampima Kijana?



Kuna jambo moja ambalo katika nchi zetu tunalifanya vizuri sana. Mtoto akizaliwa, mama anapewa kadi ya kliniki. Kila mwezi anambeba mwanawe hadi zahanati, mtoto ananing'inizwa kwenye mzani huku akilia, na muuguzi anatia nukta kwenye mchoro wa kadi. Nukta ikishuka, maswali yanaanza papo hapo. Anakula nini huyu? Aliugua? Bado ananyonya? Hakuna anayengoja mbavu za mtoto zihesabike ndipo aulize.

Kisha mtoto anatimiza miaka mitano. Kadi inawekwa sandukuni pamoja na cheti cha kuzaliwa, na kuanzia hapo hapimwi tena mpaka augue. Msichana atakutana na mzani na kipimo cha presha siku atakayokwenda kliniki ya wajawazito. Mvulana anaweza kufika miaka 40 bila mkono wake kufungwa kipimo cha presha hata mara moja. Kenya walifanya utafiti wa kitaifa mwaka 2015, wakawahoji watu wa miaka 18 hadi 69. Asilimia 56 walikuwa hawajawahi kupimwa presha maishani mwao. Kwa sukari hali ilikuwa mbaya zaidi, maana karibu asilimia 88 hawajawahi kupimwa.

Mazungumzo yangu ya leo ni juu ya miaka hiyo ya katikati, miaka 10 hadi 19. Nasema tumewaacha watoto wetu bila mtu wa kuwaangalia katika umri uleule ambao kisukari cha ukubwani (cha aina ya pili), shinikizo la damu na maradhi ya moyo huanza kujijenga mwilini. Na nasema pia kwamba kuwaangalia hakuhitaji mashine ya bei kubwa.

Mtu anaweza kuuliza, kijana wa Kidato cha Pili na maradhi ya moyo wapi na wapi? Mwaka 1953 madaktari wa jeshi la Marekani walichapisha taarifa iliyowashtua wengi. Walikuwa wamechunguza mioyo ya askari 300 waliouawa katika vita vya Korea. Wastani wa umri wa askari hao ulikuwa miaka 22. Hawa ni vijana waliopita uchunguzi wa jeshi, wenye pumzi ya kukimbia na mzigo mgongoni, na kilichowaua ni vita. Hata hivyo, askari 77 katika kila 100 walikutwa na alama za ugonjwa kwenye mishipa inayolisha moyo.

Baadaye, katika mji mdogo wa Bogalusa, jimbo la Louisiana, daktari Gerald Berenson alianza kuwapima watoto wa shule, weusi kwa weupe, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, na kazi ile ikaendelea mpaka watoto hao wakawa watu wazima. Baadhi yao walifariki mapema, wengi kwa ajali na misiba ya ghafla, na miili yao ikachunguzwa. Taarifa iliyotolewa mwaka 1998 ilionyesha kwamba wale waliokuwa na vihatarishi vingi kwa pamoja, yaani uzito uliozidi, presha ya juu, mafuta mabaya ya damu, sigara, ndio waliokuwa na mabaka mengi zaidi kwenye mishipa. Kihatarishi kimoja kiliharibu kidogo. Vilipokuwa vitatu au vinne, uharibifu uliongezeka sana. Huo ndio ushahidi ulionifanya niache kusema kwamba kijana akikua atapungua mwenyewe.

Sasa tuone kinachotokea mwilini. Kongosho hutoa homoni ya insulini, na kazi ya insulini ni kuufanya mwili uchukue sukari kutoka kwenye damu na kuitumia au kuihifadhi. Wakati wa balehe, mwili wa kila kijana, mnene kwa mwembamba, huwa mgumu kidogo kuitii insulini. Ni homoni za kukua zinazoleta hali hiyo, nayo si ugonjwa. Kongosho huongeza juhudi, balehe hupita, mambo hurudi kuwa sawa. Lakini kwa kijana mwenye mafuta mengi tumboni na kwenye ini, ugumu ule unaweza kubaki. Kongosho inaendelea kutoa insulini maradufu mwaka hadi mwaka. Na kwa muda huo wote, ukimpima sukari, utaikuta iko kawaida!

Hapo naomba tutulie kidogo, maana ndipo wazazi wengi wanapopotezwa. Mtoto anapelekwa maabara, anatobolewa kidole, sukari inasoma vizuri, mzazi anarudi nyumbani akishukuru Mungu na jambo linaishia hapo. Kumbe sukari ndiyo ya mwisho kupanda. Inapanda kongosho ikishachoka. Kabla yake mwili huwa umekwisha kutoa ishara nyingine: kiuno kimepanuka, presha imesogea, mafuta ya damu yamebadilika, ini limejaa mafuta, na ngozi ya shingo imeandika habari yote kwa wino mweusi. Mwaka 1988 daktari wa Marekani, Gerald Reaven, alitoa mhadhara mashuhuri akieleza jinsi baadhi ya mambo hayo, kama presha na mafuta ya damu, yanavyotembea pamoja, mzizi wake ukiwa ni mwili kuikaidi insulini. Anayetaka kugundua mapema basi aanze na ishara hizo, kabla ya sukari.

Nianze na shingo, kwa sababu inaumiza moyo. Wapo wasichana wanaoanza kupata weusi nyuma ya shingo na kwapani wanapofika miaka 11 au 12. Mama anaona, anakasirika. Anamwambia mtoto hajui kuoga. Anachukua dodoki na sabuni ya mche, anasugua mpaka ngozi inachubuka, na weusi hautoki. Wengine wanapakwa limau, wengine wanaangukia kwenye mikorogo ya dukani yenye kemikali zinazoharibu ngozi. Shuleni wenzake wanamcheka, anafunga kola hadi juu hata kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa.

Msikilizaji, ule si uchafu. Insulini ikizidi sana kwenye damu huchochea chembe za ngozi zikue kupita kiasi, na ngozi inakuwa nene, nyeusi, yenye mikunjo, laini kama mahameli ukiigusa. Kwenye ngozi zetu nyeusi jicho peke yake linaweza kudanganyika, kwa hiyo gusa kwa kidole. Ukikuta hali hiyo kwa mtoto ambaye pia ameongezeka uzito, weka dodoki chini. Umepewa taarifa ambayo maabara ingekutoza fedha kukupa, na dawa yake haipo kwenye chupa ya losheni. Mwili ukianza kuitii insulini, weusi wenyewe hupungua.

Ishara ya pili ni kiuno. Madaktari wana majedwali ya uzito kwa urefu na umri, na Shirika la Afya Duniani lina jedwali lake la mwaka 2007 kwa watoto wa miaka 5 hadi 19. Hayo yanafaa zahanati. Kwa nyumbani iko njia ambayo hata asiyejua kusoma anaweza kuitumia. Chukua kamba au uzi. Mpime mtoto urefu kuanzia unyayoni hadi utosini, ukate hapo. Ikunje kamba ile katikati, iwe nusu. Sasa mzungushie mtoto tumboni, kati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, akiwa ametoa pumzi bila kulivuta tumbo ndani. Nusu ya kamba ikikutana ncha kwa ncha na kubaki, vizuri. Isipofika, kiuno kimezidi nusu ya urefu, na huyo anastahili kuonwa na mtu wa afya. Uingereza, taasisi yao ya miongozo ya tiba iliukubali mwaka 2022 utaratibu wa kulinganisha kiuno na urefu, kwa watu wazima na kwa watoto wa miaka mitano na kuendelea. Uzuri wake ni kwamba unaangalia mafuta ya tumboni, ambayo ndiyo yenye madhara zaidi. Mtoto mwenye misuli na mifupa mikubwa hataonewa, na yule mwembamba wa mikono na miguu mwenye kitambi kilichojificha ndani ya shati hataponyoka.

Ya tatu ni presha. Hii inahitaji kifaa na mtu aliyefundishwa, lakini kifaa hicho kiko karibu kila zahanati. Kinachokosekana ni desturi ya kumpima kijana. Miongozo ya madaktari wa watoto wa Marekani ya mwaka 2017 inasema mtoto apimwe presha kila mwaka kuanzia miaka mitatu, na kwamba kuanzia miaka 13 namba ya juu ikifika 120 tuwe macho, na ikifika 130 kwa 80 hiyo ni presha kamili. Kipimo kimoja hakitoshi kumhukumu mtu. Kijana aliyetoka kukimbilia daladala, au anayemwogopa daktari, atasoma juu. Akae kimya dakika tano, mgongo umeegemea, miguu chini, na apimwe siku tofauti angalau mara tatu. Tena nawaomba wauguzi wangu: tazameni ukubwa wa mkanda. Mkanda mwembamba kwenye mkono mnene unatoa namba ya juu ya uongo, na mkanda mpana kwenye mkono mwembamba unaficha ukweli.

Damu inafuata baada ya hapo, kwa wale ambao ishara zimeonekana. Kijana afunge kula kwa saa nane, apimwe asubuhi. Sukari iliyo chini ya 5.6, kwa kipimo cha milimoli kwa lita, ni ya kawaida. Kati ya 5.6 na 6.9 ni tahadhari. Ikifika 7.0 na kuendelea, na kipimo kikarudiwa kikasema vilevile, hicho ni kisukari. Hospitali kubwa zina kipimo kingine kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi mitatu. Ni kizuri, ila kwetu kina kasoro ya kuangaliwa. Mwenye chembe za selimundu, hata yule aliyerithi upande mmoja tu, pamoja na msichana mwenye upungufu wa damu, anaweza kupata jibu lisilo sahihi. Mwambie daktari habari hizo kabla ya kipimo. Na pakiwa na uwezo, mafuta ya damu yapimwe, na ini pia.

Ni nani apimwe damu? Si kila mtoto. Chama cha Kisukari cha Marekani kinashauri kuanza katika miaka 10 au balehe inapoanza, lolote litakalotangulia, kwa kijana aliyezidi uzito na mwenye angalau kihatarishi kimoja zaidi: ndugu wa karibu mwenye kisukari cha aina ya pili, mama aliyepata kisukari wakati wa mimba yake, weusi wa shingoni, presha, mafuta ya damu, kuzaliwa na uzito mdogo, au kwa msichana, hedhi zinazopotea miezi mingi huku ndevu zikiota kidevuni. Kipimo kirudiwe angalau kila baada ya miaka mitatu, au mapema zaidi uzito ukizidi kuongezeka.

Historia ya ukoo haigharimu shilingi. Muuguzi anayeuliza vizuri ataipata kwa dakika mbili.

"Mama, kwenu kuna mwenye kisukari?"

"Kwetu hapana, nesi. Bibi yake mzaa baba ndiye alikatwa mguu."

"Na wewe, ulipokuwa na mimba ya huyu, ulipimwa sukari?"

"Sikupimwa. Ila alizaliwa mkubwa sana, kilo nne na nusu. Wote walistaajabu."

Umeona jinsi habari zinavyotoka? Mtoto mkubwa kiasi hicho huenda alitokana na mama ambaye sukari yake ilipanda bila kujulikana. Na upande wa pili, mtoto aliyezaliwa na kilo mbili, au aliyedumaa, naye yumo hatarini. Mwili uliojengwa katika njaa hujifunza kubana matumizi, na ukikutana na chakula kingi baadaye, unahifadhi kila kitu tumboni. Hapa jambo hili linatugusa kwa namna ya pekee. Takwimu za mwaka 2022 zinaonyesha kuwa Tanzania watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na Kenya ni 18. Hao ndio vijana wa miaka michache ijayo. Wengi watahamia mjini, watauza duka, wataendesha bodaboda, watakula chipsi mayai saa tano usiku. Wala wembamba si kinga. Mwezi wa Aprili 2025, huko Bangkok, Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilitambua rasmi kisukari cha aina ya tano, kinachowapata vijana wembamba waliokosa lishe utotoni.

Kuhamia mjini kumechunguzwa hapa kwetu. Katika miaka ya 1980 watafiti waliwafuatilia vijana wa Kiluo wa miaka 15 hadi 34 waliotoka vijijini magharibi mwa Kenya kwenda Nairobi, wakawalinganisha na waliobaki nyumbani. Presha ya waliohama ilianza kuwa juu ndani ya miezi ya mwanzo. Chumvi katika chakula iliongezeka, madini ya potasiamu yanayotoka kwenye mboga na matunda yakapungua, uzito ukapanda. Tanzania nayo, watu waliohama kutoka vijiji vya Morogoro kwenda Dar es Salaam walipimwa kabla na baada. Taarifa ikatoka mwaka 2010. Ndani ya mwaka mmoja wastani wa uzito ulikuwa umeongezeka zaidi ya kilo mbili, kwa wanaume na wanawake, na kazi za kutoa jasho zilikuwa zimepungua sana. Mwaka mmoja tu! Mtoto anayehamishwa kutoka kwa bibi yake kijijini kwenda kusoma kwa shangazi mjini anapita safari hiyohiyo, na katika umri ambao mwili wake tayari una ugumu wa balehe.

Kwa nini tusisubiri aumwe kwanza? Kwa sababu kisukari cha aina ya pili kikimpata kijana kina kasi kuliko kinavyompata mzee. Marekani walianzisha utafiti mwaka 2004, wakachukua vijana 699 wa miaka 10 hadi 17 ambao walikuwa wamegundulika karibuni. Zaidi kidogo ya nusu ya waliopewa vidonge vya metformin peke yake, dawa ambayo wazee wengi huishi nayo kwa miaka, sukari yao iliwashinda. Vijana hao waliendelea kufuatiliwa. Walipofika wastani wa miaka 26, sita katika kila kumi walikuwa wameshapata madhara kwenye figo, macho au mishipa ya fahamu. Miaka 26, msikilizaji, ni umri wa kutafuta kazi ya kwanza na kuposa.

Lazima niseme neno hapa ambalo halihusu unene. Kijana, awe mwembamba au mnene, akianza kunywa maji kupita kiasi, kukojoa mara kwa mara usiku, pengine hata kukojoa kitandani baada ya miaka mingi, huku anakonda kwa kasi, usifunge kamba ya kiuno wala usingoje kufunga kula. Mpeleke hospitali leo. Hicho kinaweza kuwa kisukari cha aina ya kwanza, ambamo kongosho imeacha kutoa insulini. Akifikia kutapika, kuhema kwa nguvu na pumzi kunuka matunda yaliyoiva, kila saa ina thamani. Wakati mwingine watoto kama hao hupewa dawa za malaria na kurudishwa nyumbani. Tone moja la damu kwenye kipimo cha sukari lingewaokoa. Mtoto mgonjwa mahututi akifika kituoni kwako, daktari, pima malaria na pima sukari, vyote viwili.

Turudi kwenye njia yetu. Yako mabishano juu ya kuwapima vijana, na ni ya haki. Mwaka 2003 jimbo la Arkansas, Marekani, lilipitisha sheria ya kuwapima wanafunzi na kuwapelekea wazazi taarifa ya uzito nyumbani. Mataifa na majimbo mengine yakafuata. Ilipochunguzwa baadaye, huko California kwa mfano, barua hizo peke yake hazikupunguza uzito wa watoto, na baadhi ya watoto walianza kuichukia miili yao. Na mwaka 2022 jopo la wataalamu wanaoishauri Marekani juu ya kinga lilisema ushahidi bado hautoshi kupendekeza kila mtoto asiye na dalili apimwe kisukari. Mimi nakubaliana nao. Kumtoboa kila mtoto kidole ni kupoteza fedha, na kumpima mtoto kisha kumwachia karatasi ni kumtesa.

Ndiyo sababu nasisitiza kuanza na kamba, shingo, presha na maswali ya ukoo, kisha damu kwa wachache watakaoonekana. Wajapani walipita njia inayofanana na hiyo. Tangu mwaka 1992 sheria yao ya afya ya shule inataka mkojo wa wanafunzi upimwe sukari kila mwaka. Anayekutwa na sukari anaitwa hospitali kwa vipimo kamili. Watoto wengi wenye kisukari cha aina ya pili huko wamegunduliwa hivyo, wakiwa bado wanacheza na kusoma bila kujisikia vibaya. Kipimo cha kwanza ni rahisi, na nyuma yake pana mlango uliofunguliwa. Mlango huo ndio jambo lenyewe.

Kwetu milango tunayo, ila hatuitumii. Mwanafunzi wa Tanzania anapochaguliwa kwenda Kidato cha Kwanza hupewa maelekezo ya kujiunga, na ndani yake mna fomu ya uchunguzi wa afya ijazwe na daktari. Kila mzazi anajua fomu hiyo hujazwaje mara nyingi: foleni ndefu ya Januari, muhuri, saini, mwingine. Mtoto hakuguswa. Karatasi ile ikitumika kwa dhati ingekuwa uchunguzi wa taifa zima wa vijana wa miaka 13 na 14, na haihitaji bajeti mpya kubwa. Waongeze mistari michache: urefu, uzito, kiuno, presha, hali ya ngozi ya shingo, na nani nyumbani ana kisukari au presha. Kisha namba hizo zifuatwe, shule iwe na mwalimu mmoja wa afya anayezihifadhi kwa siri na kumwelekeza mzazi kituo cha kwenda. Vilevile wauguzi wanaokwenda shuleni kuchanja wasichana dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi, chanjo iliyoanza Tanzania mwaka 2018 na Kenya mwaka 2019, wanaweza kubeba mkanda wa presha kwenye mkoba huohuo. Na wavulana nao waitwe, maana kwao hata chanjo hiyo haiwafikishi mbele ya muuguzi.

Kwa siri, nimesema. Mtoto asipimwe mbele ya mstari wa asubuhi. Asiitwe Bonge na mwalimu, wala mjomba asimtanie kwenye sherehe. Kijana aliyeaibishwa hujificha, hula kwa siri, huacha michezo kwa sababu kaptura inamwonyesha. Mzazi mwenye busara hufunga kamba kwanza kiunoni mwake mwenyewe, watoto wote wakitazama, kisha baba, kisha wote. Mara nyingi atakayekutwa na kiuno kilichozidi ni zaidi ya mmoja, na hapo nyumba nzima inabadilika pamoja bila mtoto mmoja kutengwa kwenye sahani yake.

Wakati mwingine mabadiliko yenyewe ni madogo kuliko watu wanavyodhani. Chupa ya soda ya mililita 300 ina vijiko vya chai saba au nane vya sukari. Ikiondoka kwenye ratiba ya kila siku, na maji yakaingia mahali pake, umeshafanya kazi kubwa. Juisi ya sukari ya kopo haina tofauti. Maharage, kunde, mchicha, samaki, dona, viazi vitamu, vyote viko sokoni na si chakula cha adhabu. Shirika la Afya Duniani linataka kijana atembeze mwili dakika 60 kila siku, na watafiti wake waliona kwamba vijana wanane katika kumi duniani hawafikii hapo. Kwa hiyo kipindi cha michezo kisiuzwe kwa masomo ya ziada. Na usingizi: kijana anahitaji saa nane hadi kumi, na mwanafunzi wa bweni anayelala saa tano usiku na kuamshwa saa kumi alfajiri anapata tano. Kukosa usingizi kunaongeza njaa na kuufanya mwili uzidi kuikaidi insulini. Wakuu wa shule, nawaomba mliangalie hilo kama mnavyoangalia matokeo ya mitihani.

Habari njema ipo, na ni kubwa. Vijana wengi wanaokutwa kwenye ile namba ya tahadhari, kati ya 5.6 na 6.9, sukari yao hurudi kawaida balehe inapomalizika, hasa kiuno kikipungua. Dirisha liko wazi kwa miaka michache tu, na kwa umri huo mwili bado unasikia haraka.

Kwa hiyo mzazi mwenye mtoto anayejiandaa kwenda Kidato cha Kwanza, usikubali fomu ile irudi na muhuri mtupu. Simama mbele ya daktari na useme kwa upole: naomba mwanangu apimwe kiuno na presha, na uniandikie namba nizione. Ni haki yako, na haichukui zaidi ya dakika kumi. Na ninyi mnaoandaa fomu hizo katika wizara zetu za elimu na afya, ongezeni mistari hiyo kabla ya Januari ijayo.